Upepo Kwenye Dizeli

Bomba la maji likitoboka, sakafu inalowa. Tairi likitoboka, linalala. Tumezoea uvujaji unaojitaja wenyewe, ndiyo maana gari la dizeli linaloingiza hewa huwachanganya watu wazima na akili zao. Unainama chini ya gari, unapapasa mipira, vidole vinatoka vikavu. Hakuna hata tone. Na bado kila asubuhi unapiga stata mpaka betri inaishiwa pumzi.

Uvujaji huu unakwenda ndani. Kwenye injini nyingi za zamani za Toyota, kama ile 3L ya Hilux na Hiace, hakuna pampu tangini. Pampu ya dizeli iko huko mbele kwenye injini, na ndiyo inayovuta mafuta kutoka tangini kupitia mabomba, mipira na filta. Injini inapounguruma, njia yote hiyo huwa na mgandamizo mdogo kuliko hewa ya nje. Kwa hiyo ufa hautoi dizeli, unaingiza hewa. Ukizima gari usiku, hewa hiyo inayaachia mafuta yarudi tangini polepole, na asubuhi pampu inakuta bomba tupu. Ukipiga stata sana, au ukibonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu, gari linawaka. Kuanzia hapo mchana kutwa linawaka mara moja. Linafika gereji likiwa zima kabisa, na ushahidi umebaki nyumbani, saa kumi na moja alfajiri.

Hata hilo neno "kuvuta" linatudanganya kidogo. Mwaka 1648 Pascal alimwomba shemeji yake, Périer, apande mlima Puy de Dôme huko Ufaransa na mrija wa zebaki wa aina aliyoibuni Torricelli miaka michache kabla. Kadiri alivyopanda, zebaki ilishuka, kwa sababu huko juu hewa inayokandamiza ni kidogo. Kinachopandisha dizeli, basi, ni uzito wa hewa unaoyasukuma mafuta tangini. Hewa ileile inayoyapeleka mafuta kwenye injini ndiyo inayopenya kwenye ufa na kuyaacha yarudi. Yenyewe huwezi kuilaumu.

Mtu je?

Mjomba wangu ana Hilux ya namna hiyo. Anabeba nyanya kutoka Ilula kwenda Iringa mjini, na nyanya hazisubiri. Anayefika sokoni jua limeshapanda anauza kwa bei anayopangiwa. Fundi wa kwanza alisikiliza maelezo, akafungua boneti, akasema, "Mzee, pampu imekufa." Pampu ikafunguliwa, ikapelekwa kutengenezwa, ikarudishwa. Laki nne. Siku ile gari liliwaka vizuri, kwa kuwa walikuwa wametoka kutoa upepo. Alfajiri iliyofuata, palepale.

Mjomba anasema alidanganywa. Mimi sina hakika, na nimelifikiria jambo hili kuliko baadhi ya mada za semina zetu za uzamili. Mwongo anaujua ukweli na anauficha. Fundi yule hakuujua. Dalili alizoelezwa zinaweza kweli kutoka kwa pampu iliyochoka. Lakini pia siwezi kusema alikosea tu, maana anayekosea ni yule aliyejaribu kupata jibu. Katika insha yake ya mwaka 1986, Harry Frankfurt alimtenga mwongo na mtu wa aina nyingine, yule asiyejali kama analosema ni kweli au si kweli, mradi limfikishe anakotaka. Frankfurt alimwona huyu wa pili kuwa adui mkubwa zaidi wa ukweli. Zamani niliona ametia chumvi. Siku hizi namwelewa, kwa sababu mwongo ukimbana ana kitu cha kukiri. Fundi yule ukimbana atakwambia, "Nilifikiri ni pampu," na atakuwa amesema kweli.

Fundi wa pili alianza kwa kutosema chochote. Alichomoa mpira unaoingia kwenye pampu, akaunganisha mpira mwingine kutoka kwenye dumu la dizeli alilolining'iniza juu kuliko injini. Gari likalala hivyo usiku kucha gerejini kwake. Alfajiri liliwaka papo hapo. Kwa hiyo pampu ilikuwa nzima, tena sasa kulikuwa na mtu wa kuapa. Kisha akarudisha njia ya kawaida, ila akaweka vipande viwili vya mpira mweupe unaopitisha mwanga, kimoja kabla ya filta, kingine baada yake. Kabla ya filta dizeli ilipita safi. Baada ya filta, vipovu, vidogo kama vya soda. Tatizo likabaki kwenye kichwa cha filta tu. Alikagua pampu ya mkono, akabadilisha washa za shaba (za zamani zimeshabanwa zikawa ngumu, ukizikaza zaidi unaziharibu), vipovu vikabaki. Mwisho akafungua sensa ya maji iliyo chini ya filta. Pete yake ya mpira ilikuwa imebanwa ikawa bapa kama utepe.

Pete hiyo ni ya shilingi elfu moja. Fundi alitaka elfu thelathini. Mjomba, aliyelipa laki nne bila kubishana, alibishana hapa. "Elfu thelathini kwa kipete hiki?"

Nampenda mjomba, lakini pale ndipo nilipoona sisi wateja tunavyoingia kwenye kesi hii. Tunalipia kitu kinachoshikika. Pampu tunaiona ikitoka na kuingia, ina uzito, mikono inachafuka. Kutafuta hatukulipii, na anayetafuta vizuri mara nyingi anaishia kwenye kitu cha bei ndogo. Hospitali tunalipa kwanza hela ya kumwona daktari, hata akitwambia twende tukapumzike tu. Gereji hatuna ada hiyo. Fundi anayetamka "pampu" kabla ya kupima anafuata bei tulizoziweka sisi. Hilo halimtakasi, maana wa pili naye anaishi kwenye bei hizohizo.

Kuna hoja dhidi yangu ambayo siwezi kuipuuza. Kutafuta hakuna mwisho unaojulikana. Mwenye elfu ishirini mfukoni hawezi kulipia siku mbili za kutazama vipovu, na ana haki ya kusema, "Nifanyie liwake tu." Kwa mtu huyo mafundi wengi hufunga valvu ya njia moja kwenye bomba. Mafuta hayarudi tangini usiku, asubuhi gari linawaka, wote wanafurahi. Ufa uko palepale. Sioni uongo hapo kama fundi amesema wazi alichofanya. Asiposema, jambo linabadilika, tena si kwa adabu peke yake. Hewa bado inaingia injini ikiunguruma, na pampu za aina hii hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake; vipovu havilainishi kitu. Ikiendelea hivyo muda mrefu pampu inaweza kulika. Atakayeifungua siku hiyo atasema pampu imekufa, na atakuwa sahihi.

Mjomba alitoa elfu ishirini na tano na ndoo ya nyanya. Fundi alizipokea bila kinyongo, akasema siku hizi anayeleta gari la namna hii anaombwa kwanza elfu kumi ya kutafuta, irudi au isirudi. Nilimuuliza watu wanasemaje. Akasema wengi wanageuza gari na kwenda kwa jirani.