Ulimi Ukifungika, Akili I Wapi?

Wanazuoni wa kale walipotaka kumpambanua binadamu na viumbe wengine walimpa jina lililodumu kwa karne nyingi katika vitabu vya mantiki vya Kiarabu: hayawani natiki, yaani kiumbe hai mwenye kusema. Asili ya jina hilo ni falsafa ya Kiyunani, ambamo neno moja, logos, lilikusanya mambo mawili, kauli na akili. Waliolifasiri kwa Kiarabu walichagua neno nutki, nalo likayabeba yote mawili bila ya kuyatenganisha. Hivyo kusema kukawa dalili ya kufikiri, na kufikiri kukawa ni kusema kwa siri. Jina hilo ni zuri, ila limeficha swali zito ndani yake. Ikiwa mtu ni mtu kwa kuwa anasema, je, siku kauli yake inapokatika hubaki nani?

Swali hili halikuishia madarasani. Kiharusi huweza kumwachia mtu macho yake na masikio yake, kikamnyang'anya maneno. Madaktari huiita hali hiyo afasia. Ulimi wenyewe huenda usiwe na ila. Neno ndilo lisilopatikana. Mgonjwa ataka kuomba maji, akataja kisu. Au neno moja tu limebakia, nalo humtoka kwa kila haja. Baada ya siku chache watu wa nyumbani huanza kumzungumza mbele yake kana kwamba hayupo. Husemwa kwamba hajui kitu tena. Mashamba yake hugawanywa akisikia, na wageni huulizwa waketi wapi na wale nini, ilhali mwenye nyumba haulizwi lolote. Kule kushindwa kwake kujibu ndiko kunakofanywa ushahidi kwamba hana la kujibu. Hiyo ni hukumu iliyotolewa kabla ya kusikilizwa mshitakiwa.

Mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre nchini Ufaransa, alifariki mgonjwa aliyeitwa Leborgne. Kwa miaka mingi alikuwa na silabi moja tu, "tan", akiitamka mara mbili kwa kila aliloulizwa. Daktari Paul Broca alimchunguza katika siku zake za mwisho, na baada ya kifo chake akakuta jeraha katika sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa kushoto. Dunia imekumbuka ugunduzi huo. Yaliyosahauliwa ni maelezo mengine ya Broca, kwamba mgonjwa yule alifahamu karibu yote aliyoambiwa. Alipoulizwa ameishi hospitalini miaka mingapi, aliukunjua mkono wake mara nne, kisha akaongeza kidole kimoja: miaka 21. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Mtu huyo hakuwa na kauli, lakini umri wa mateso yake aliujua.

Mpinzani ataweza kusema kwamba Leborgne alikosa kauli ya nje tu, na huenda ile ya ndani ilimbakia. Upinzani huu una ukoo mtukufu. Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, alieleza kwamba neno nutki lina maana tatu: kauli itokayo kwa sauti, kauli iliyomo nafsini, na ile nguvu ya nafsi imwezeshayo mtu kufahamu. Karibu miaka elfu moja baadaye, Mrusi Lev Vygotsky alilirudia jambo hili kwa njia nyingine. Katika kitabu chake juu ya fikra na lugha, kilichotoka mwaka 1934, mwaka ule ule aliofariki, alieleza kwamba mtoto huanza kwa kusema na wenziwe, kisha husema peke yake kwa sauti, na mwisho maneno hayo huzama ndani, yakakatwakatwa na kufupishwa hata yakawa kauli ya moyoni. Kwa Vygotsky neno si kanzu ambayo fikra huvishwa ikiwa tayari imekamilika. Fikra hukamilikia ndani ya neno.

Hoja hii haifai kupuuzwa, na mshairi ndiye wa mwisho kuipuuza. Aliyetunga anajua kwamba kina kigumu humlazimisha atafute, na katika kutafuta akakuta maana ambayo hakuwa nayo alipoanza. Mfasiri naye hudhani ameielewa sentensi mpaka atakapoitia katika lugha yake. Hapo ndipo atambuapo kwamba alikuwa ameelewa nusu. Kwa hakika lugha huongeza kitu katika akili. Anayeipoteza amepata hasara ya kweli, na kumfariji kwa kumwambia kwamba hakupoteza kitu ni dharau ya namna nyingine.

Lakini katika kazi hizo hizo mbili umo ushahidi wa upande wa pili. Mfasiri anapolitupa neno la kwanza, kisha la pili, kisha la tatu, akisema kila mara "silo", huwa anayapima kwa mizani gani? Maana imekwisha kutoka katika lugha moja, na haijaingia katika ya pili. Mahali fulani imehifadhika, nayo ndiyo imhukumuyo kila neno lijalo. Vivyo hivyo mtunzi huweza kuyasikia mahadhi na kuzihisi mizani kumi na sita za mshororo, nane kwa nane, kabla hajapata hata neno moja la kuzijaza. Fikra hapo ipo, nayo inafanya kazi, ingawa bado haina kauli.

Wataalamu nao wameyapima haya. Mwaka 2005, Rosemary Varley na wenzake wa Uingereza walichapisha uchunguzi wa wanaume watatu wenye afasia kali. Walishindwa kuelewa sentensi ambamo mtenda na mtendwa hubadilishana nafasi, lakini walizifanya hesabu zenye mpangilio wa namna hiyo hiyo, na kujua kwamba kutoa tano katika tisa si sawa na kutoa tisa katika tano. Kabla yao Alexander Luria, mwenzake Vygotsky, alikuwa ameshiriki kuchunguza hali ya mtunzi wa muziki Vissarion Shebalin, aliyepigwa na kiharusi mwaka 1953 na tena mwaka 1959. Kauli ilimharibikia kabisa, lakini aliendelea kutunga, na mwaka 1962 akaikamilisha simfoni yake ya tano.

Mtunzi mwenye afasia aliingia pia katika ushairi. Tomas Tranströmer wa Uswidi, mjukuu wa rubani wa meli katika visiwa vya karibu na Stockholm, alimtaja mtunzi wa namna hiyo katika shairi lake refu Östersjöar, la mwaka 1974. Miaka 16 baadaye, mwaka 1990, kiharusi kilimfika yeye mwenyewe. Kilimpoozesha upande wa kulia na kumwachia maneno machache mno ya kusema. Alipiga piano kwa mkono wa kushoto. Mwaka 1996 alitoa diwani nyingine, na mwaka 2004 akatoa nyingine tena, ambayo sehemu yake kubwa ni haiku, tungo za mistari mitatu. Alipotunukiwa Nobeli mwaka 2011 hakutoa hotuba. Mashairi yake yalisomwa na wengine na muziki ukapigwa. Alifariki mwaka 2015. Ufupi wa tungo zake za mwisho haukuwa ufupi wa akili. Alikuwa na maneno machache, naye akayaweka kila moja mahali pake.

Kutokana na hayo, jina la hayawani natiki laweza kubaki, ila lisomwe kwa maana ya tatu ya Al-Farabi: kiumbe mwenye nguvu ya kufahamu, asikike au asisikike. Kauli ni mlango wa nyumba. Mlango ukikwama, aliyemo ndani hajahama.

Wajibu ufuatao si mkubwa, bali unahitaji subira. Asiyeweza kusema na aulizwe maswali yanayojibika kwa kichwa au kwa kidole. Apewe muda, wala asimaliziwe sentensi yake na wenye haraka. Aimbiwe anachokijua, kwani wako waliopoteza mazungumzo ambao bado huweza kuimba maneno ya wimbo waliouzoea. Mali yake isigawanywe mbele yake kwa kisingizio cha kimya chake. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Wasemao na wajizuie kidogo, huenda wakausikia.