Anayenunua kidogo hulipa zaidi

Jioni katika vibanda vya Suna, foleni ni ya watu wa shilingi 20. Mama ananyoosha kikombe cha plastiki, anapimiwa mafuta ya kupikia ya 20. Anaongeza sukari ya 20, majani ya chai kwa sarafu iliyobaki, na nusu gorogoro ya mahindi. Jumlisha vipimo hivyo hadi vifike lita na kilo, utakuta amelipa zaidi kuliko aliyebeba mtungi mzima kutoka supamaketi mjini Migori. Huyu ndiye anayeuziwa ghali, na ndiye tena anayehubiriwa kwamba hajui kupanga matumizi.

Mahubiri hayo yananiudhi. Yametungwa kwa mtu wa mshahara: gawa mafungu, weka akiba, lipa bili. Huku kwetu pesa haziji na mwezi. Miwa inayopelekwa kiwandani Awendo hukaa shambani mwaka mmoja na nusu hivi, na ikishapimwa mkulima hungoja tena malipo. Tumbaku nayo hulipa kwa msimu. Mchimba dhahabu wa Macalder anaweza kushinda shimoni wiki nzima akatoka mikono mitupu. Mvuvi wa omena ana miezi asiyoruhusiwa kuvua. Lakini tumbo linadai kila jioni, na karo ya Januari haingoji mavuno.

Pengo hilo ndilo watu wanaloliziba kwa mikopo ya simu. M-Shwari ilikuja 2012, Fuliza 2019, na Hustler Fund ya serikali ikazinduliwa Novemba 30, 2022, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, mkopo ukianzia shilingi 500. Riba hiyo ni nafuu, sikatai. Ila mkopo wenyewe ulitaka kulipwa ndani ya siku 14. Siku 14, kwa mtu ambaye miwa yake itakatwa mwakani! Tarehe ikifika anakopa kwingine alipe hapa, na jina lake bado limo kwenye daftari la mwenye duka.

Ndiyo maana nawaheshimu mno akina mama wa chama. Wanachanga kidogo kidogo, bei ya mahindi ikiteremka upande wa Sirari, Tanzania, wanavuka mpaka wa Isebania, wananunua gunia la kilo 90 na kuligawana kwa gorogoro, kila mmoja kwa bei ya gunia. Mwenye watoto sekondari hupangiwa zamu yake ya kupokea mchango Januari. Akifiwa mtu, zamu husogezwa apewe yeye. Anayesubiri hela za miwa huruhusiwa kulipa mkopo wa chama zikitoka, kwa kuwa wenzake wanalijua shamba lake na wameona miwa ilivyo.

Kama kina mama hawa wameweza kuupanga mkopo ufuate msimu wa mwenzao, sioni kinachozishinda benki na serikali, ambazo zina takwimu za kila msimu mezani.