Je, ulimwengu mwingine waweza kulipa deni la huu?

Jioni moja baada ya mafundisho ya wakatekumeni, kijana mmoja wa parokia yetu alibaki nyuma, simu mkononi. Akasema: «Mwalimu, nimesikia ya kwamba wataalamu watatuma roboti kuchungulia malimwengu mengine, yaliyo sambamba na ulimwengu wetu, na ya kwamba huko yuko mtu kama mimi. Ni kweli?» Nilitaka kumjibu kwa kicheko. Lakini akaongeza kwa sauti ndogo: «Kama ni kweli, basi mahali fulani mimi nilimwoa yule binti.»

Hapo nikaelewa. Wazee wa mtaa wote wanajua habari ile: binti alipata mimba, kijana akamkana mbele ya baba yake na wajomba zake, na mtoto sasa anatembea. Kumbe hakuwa akiuliza habari za nyota.

Hata hivyo, swali la mtu halifai kudharauliwa, basi tuanze na roboti. Roboti ni mashini inayofanya kazi pasipo mkono wa mtu kuishika, ikifuata maagizo iliyopewa. Mashini za namna hiyo zimefika pasipofikiwa na mtu yeyote. Ile iitwayo Voyager 1, iliyorushwa na Wamarekani mwezi wa Septemba 1977, ilitoka katika eneo la upepo wa jua mwezi wa Agosti 2012. Sasa iko mbali nasi zaidi ya kilometa milioni elfu 24, na neno lake, lijapokimbia kwa mwendo wa mwanga, linatumia karibu siku nzima kutufikia. Nayo bado iko uani mwa nyumba yetu. Hata nyota iliyo jirani haijaikaribia.

Chombo kingine, Planck, kilichorushwa na nchi za Ulaya mwaka 2009 na kufanya kazi mpaka 2013, hakikwenda mbali hivyo, bali kilitazama mbali. Kilipima mwanga ulio wa zamani kupita wote, uliotoka wakati ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380 000 hivi. Na leo umri wake ni karibu miaka milioni elfu 13,8. Wapo wataalamu waliotafuta katika mwanga huo alama za duara, kama makovu ya kugongana na ulimwengu jirani. Alama ya hakika hawakupata.

Tena liko jambo ambalo halihitaji darubini. Mjumbe asiyeweza kurudi wala kuleta neno, si mjumbe. Kama roboti ingefika katika ulimwengu mwingine, kisha ikatuletea habari zake, basi pangekuwa na njia kati ya huko na huku. Na mahali penye njia ya kufika kwetu ni chumba kingine cha nyumba ile ile. Ulimwengu uliotengwa kabisa na wetu hauchunguliwi. Ukichunguliwa, haukuwa umetengwa kabisa.

Je, Mkristu aogope kusikia habari za malimwengu mengi? Hapana. Tarehe 7 Machi 1277, Askofu wa Paris, Étienne Tempier, alikataza mafundisho 219 yaliyosikiwa katika chuo cha mji ule. La 34 lilisema ya kwamba Sababu ya Kwanza haiwezi kuumba malimwengu mengi. Tuangalie vema: askofu hakusema ya kwamba yako malimwengu mengi. Alikataza watu wasimfungie Mungu mlango kwa hoja za Aristoteli. Mtakatifu Tomasi wa Akwino, aliyefariki miaka 3 kamili kabla ya siku ile, alikuwa amefundisha ya kwamba ulimwengu ni mmoja, kwa sababu ya utaratibu mmoja unaoviunganisha viumbe vyote. Na Nicole Oresme, mwaka 1377, aliyashika yote mawili: Mungu aweza kuumba mingine, lakini huu ndio peke yake. Watu wa kale walijua kutofautisha liwezekanalo na lililopo, jambo ambalo simu zetu hazitufundishi. (Na simu hizo nyingi zina kobalti iliyochimbwa katika nchi yetu; kwanza tungeuliza habari za mashimo hayo.)

Nilipokuwa seminarini, mimi mwenyewe nilikuwa mwepesi wa kuichanganya elimu ya nyota na Kitabu cha Mwanzo. Aliyenirudi ni Padri Georges Lemaître wa Ubelgiji, kwa habari zake nilizosoma. Yeye aliandika mwaka 1927 ya kwamba ulimwengu unapanuka, na mwaka 1931 ya kwamba ulianza kama atomi moja. Lakini hakupenda hesabu zake zichukuliwe kuwa ushuhuda wa imani.

Sasa nirudi kwa kijana. Fundisho alilolisikia latoka kwa Mmarekani Hugh Everett, aliyelitangaza mwaka 1957. Alishughulika na vitu vidogo sana, kama elektroni, ambavyo kwa hesabu huwa katika hali nyingi pamoja kabla ya kupimwa. Wengine walisema ya kwamba kipimo chabakiza hali moja na kuzifuta nyingine. Everett alisema hakuna inayofutika: zote zaendelea, na mpimaji agawanyika pamoja nazo. Wako wataalamu wakubwa wanaolikubali jambo hilo, na wakubwa wengine wanaolikataa. Lakini sinema zimeligeuza, ati kila mtu achaguapo njia ulimwengu wapasuka. Everett hakuanza na mapenzi ya mtu. Alianza na kipimo cha vitu vidogo.

Haya, tukubali kwa dakika moja ya kwamba yuko mwingine huko, mwenye sura na jina la kijana huyu, aliyemwoa binti. Mapacha wawili walitoka tumbo moja. Mmoja akilipa deni lake, je, mwenye duka amwachilia wa pili? Kijana alinijibu, na jibu lake halikuwa la kijinga: «Lakini mwalimu, yule si pacha wangu. Yule ni mimi, mpaka ile siku.» Nikanyamaza kidogo. Ndiyo, mpaka ile siku. Ila mtoto hakuzaliwa kabla ya ile siku, na maziwa anayoyataka anayataka huku.

Kisha nikamwambia: «Tuseme roboti imerudi. Imeleta picha: wewe umekaa mezani na binti yule, mtoto yuko magotini pako. Ungeitazama picha hiyo kwa furaha?» Hakujibu. Nikaendelea: «Wazee walipokuuliza, ulisema ya kwamba haikuwezekana, huna kazi, huna nyumba. Picha ile ingeonyesha ya kwamba iliwezekana, kwa mtu yule yule, mwenye umaskini ule ule.»

Alizima simu akaitia mfukoni. Giza lilikuwa limekwisha kuingia, na mlinzi alikuwa akifunga madirisha ya kanisa. Tulipofika njiani aliniuliza kama mjomba mkubwa wa binti bado anakaa karibu na kisima. Nikamwambia bado anakaa pale pale.