Mshale Hausimamishi Lori

Wanangu mnaoshika usukani na spana hapa Kalama,

Siku hizi naona lori likirudi kutoka gereji za Machakos mjini limefungwa geji tatu mpya juu ya dashibodi, na simu imebandikwa kando ya kioo inasoma injini kwa bluetooth. Sizipingi. Sisi wa enzi za pampu ya kawaida tulitegemea sikio, pua na kiganja, na injini nyingi zilikufa ambazo geji moja ya shilingi chache ingeziokoa. Lakini nina onyo. Geji ni shahidi tu. Husema alichokigusa, hasemi zaidi, na hawezi kukanyaga breki kwa niaba yako.

Tuanze na joto, maana ndilo linalotumaliza kwenye vilima hivi. Machakos iko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Huku maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayangoji 100. Ya rejeta hayachemki mapema hivyo kwa sababu ya kile kifuniko chenye springi, kilichoandikwa 0.9 au 1.1 juu yake. Hiyo ndiyo presha kinayoishikilia, na kwa presha hiyo maji huvuka nyuzi 110 bila kuchemka. Springi ikilegea, unapanda kuelekea Muumandu na mzigo wa mchanga huku rejeta yako ni sufuria wazi. Kijana atanunua geji ya bei kali na kuacha kifuniko kilichooza. Badilisha kifuniko kwanza.

Mshale uliokuja na gari usiuamini kupita kiasi. Magari mengi ya siku hizi yametengenezwa mshale utulie katikati kutoka nyuzi 80 hivi hadi 100 na zaidi, ili mwenye gari asipate wasiwasi kila akipanda kilima. Ukiona umeanza kuinuka, hatari imeshafika. Ndiyo maana geji ya ziada yenye namba ina maana. Hiyo itakuonyesha kwamba jana mlima uleule ulikuwa 92 na leo ni 99, mzigo ni uleule na hewa ni ileile. Hizo nyuzi saba zinakwambia feni imechoka, au rejeta imeziba vumbi, au maji yanapotea mahali.

Sasa sikilizeni hili vizuri, maana limewaponza wengi. Sensa ya joto hupima maji yanayoigusa. Bomba likipasuka na maji yakamwagika yote, sensa hubaki ikining'inia kwenye hewa na mvuke, na mshale unaweza kushuka. Dereva anafurahi kwamba injini imepoa, anaongeza mafuta, na baada ya kilomita mbili silinda hedi imepinda. Mshale ukishuka ghafla katikati ya mlima, simama upesi kuliko ambavyo ungesimama mshale ukipanda. Aliye na uwezo afunge kengele ya kiwango cha maji pia, kwani hiyo hulia maji yakipungua kabla joto halijapanda. Na ukisimama, usifungue rejeta ikiwa moto. Ngoja hadi uweze kushika bomba la juu kwa mkono bila kuuondoa.

Kuna na ile tabia ya fundi kung'oa themostati na kuitupa, eti huku kwetu ni joto. Injini hiyo itakuwa baridi asubuhi nzima, itakula dizeli nyingi na kulika mapema. Tena katika injini nyingi themostati ikifunguka huziba njia ya mkato ya maji. Ukiing'oa, sehemu ya maji huzunguka ndani bila kupita kwenye rejeta, na mlimani injini inachemka kuliko hapo mwanzo. Geji itakuonyesha joto, lakini haitakwambia kwamba kuna kifaa ulichokitupa wewe mwenyewe.

Kwenye oili, taa nyekundu huwaka presha ikiwa imekaribia kuisha kabisa. Wengine huiona na beringi zimeshaanza kugonga. Geji ya presha hukupa nafasi. Kanuni ya mafundi ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini, ikiwa imeshapata moto. Lakini usifunge ile ya kuleta oili yenyewe ndani ya kabini kwa kamrija ka plastiki. Kakikatika, oili yamwagika miguuni, na kakikatikia karibu na eksozi lori linashika moto. Funga ya sensa ya umeme, na waya wake upitie fyuzi.

Mwenye turbo, ukiwa na pesa ya geji moja tu zaidi, nunua ya joto la moshi, ambayo sensa yake hufungwa kwenye eksozi kabla ya turbo. Maji huchukua dakika kadhaa kukwambia injini inaumia. Moshi husema kwa sekunde. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, na pistoni zenu ni za alumini. Oili huzipooza, ndiyo, lakini ukiona geji inakaribia 700 na bado mlima haujaisha, kuna kitu kinapikwa. Dawa yake haiuzwi dukani. Shusha gia, injini izunguke haraka zaidi, ipate hewa, na upunguze mguu. Kijana anayeng'ang'ania gia kubwa huku moshi mweusi umefunika boda boda zote nyuma yake hana haraka ya kufika. Ana haraka ya kununua pistoni. Na ukimaliza mlima usizime injini papo hapo. Iache ingurume polepole dakika moja au mbili, turbo ipoe ikiwa bado inapata oili.

Nije kwenye kompyuta. Marekani ililazimisha tundu la aina moja la kusomea injini kwa magari madogo yote mapya mwaka 1996, na Ulaya ikaleta sharti hilo kwa magari madogo ya dizeli miaka michache baada ya 2000. Lakini Canter ya injini ya 4D33 haina cha kusomwa. Pampu yake haina kompyuta. Malori nayo yana umeme wa volti 24 na lugha yake. Kidude cha gari dogo usikichomeke ovyo kwenye lori.

Pale inapofaa, kompyuta husema dalili, haisemi ugonjwa. Chukua namba ya hitilafu P0087, presha ya dizeli kwenye reli iko chini. Kijana anaisoma na siku hiyohiyo anamwambia mteja anunue noseli nne. Wakati mwingine ni filta ya dizeli iliyoziba kwa uchafu wa mtungi, au bomba linavuta hewa, au vali ya pampu imechoka. Anza na cha bei ndogo. Angalia presha ikiwa gari linatembea na mzigo, maana gari likiwa limesimama kivulini kila kitu husomeka sawa.

Na kufuta namba ya hitilafu ili taa ya injini izimike, halafu gari liuzwe, huo ni wizi. Ukifuta, umefuta pia kumbukumbu ya joto, mizunguko na mzigo uliokuwepo hitilafu ilipotokea, yaani ushahidi ambao fundi angeutumia. Mnunuzi mwerevu naye huangalia kama gari limekamilisha vipimo vyake vya ndani. Vikiwa havijakamilika, atajua betri ilichomolewa au kuna aliyefuta juzi. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Wala hakuna geji itakayokuonyesha kwamba dizeli uliyonunua kwa bei ya kutupa imechanganywa na mafuta ya taa. Serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu ya mchezo huo. Mafuta ya taa hayalainishi vizuri, na pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe.

Neno langu la mwisho ni kwa wenye magari. Injini nyingi hapa hazifi kwa kukosa geji. Dereva huiona namba, anakumbuka hesabu ya jioni, anaona kuna wenzake nyuma watakaomcheka, anaendelea. Basi kabla lori halijatoka, kaeni na dereva mkubaliane namba ya maji, ya oili na ya moshi ambayo akiiona atasimama. Iandikeni kwa kalamu kwenye dashibodi. Na siku atakaposimama, msimkate hata shilingi. Asiyekubali sharti hilo asinunue geji. Pesa hiyo aiweke akiba ya silinda hedi.