Bei ya Chombo Kikuukuu

Liko swali ambalo yafaa tulifikiri kwa makini: mtu anunuapo chombo kikuukuu kwa bei ndogo sana, je, amemdhulumu mwenzake, au amefanya biashara tu? Wengi hujibu upesi kwamba bei ni mapatano. Mimi naona jibu hilo ni fupi mno.

Hapa kwetu Newala na Masasi jambo hili lina majira yake. Korosho huanza kuuzwa mnadani mwezi wa Oktoba, fedha hupatikana, na vijana hununua pikipiki. Ifikapo Februari chakula cha ghalani kimekwisha, cha shambani hakijakomaa, na pikipiki zile zile zatafutiwa wanunuzi. Kweli zimechakaa: mchanga wa uwanda wa Makonde hula minyororo, na mteremko wa kushukia Masasi humaliza breki. Kupungua bei kwa sababu hiyo ni haki, wala hapana wa kunung'unika. Lakini mara nyingi bei hushuka kupita uchakavu wa chombo, maana mnunuzi hakutazama pikipiki peke yake. Ametazama na jiko la mwenyewe, akaona halina moto. Chombo kimechakaa kidogo, mwenye chombo amechakaa zaidi, naye mnunuzi hutoza uchakavu wa wote wawili.

Martin Luther, katika maandiko yake ya mwaka 1524 juu ya biashara na riba, aliikataa kanuni ya wachuuzi kuwa mtu yu huru kuuza mali yake ghali kadiri awezavyo, kwa kuwa hapo shida ya jirani yageuzwa kuwa bidhaa. Yeye alinena habari za muuzaji. Kwetu mwenye nguvu ni mnunuzi, lakini shida ni ile ile. Serikali imekataza kangomba, yaani kununua korosho za mkulima mwenye shida kwa bei ya kutupa, nje ya utaratibu wa ghala na mnada. Na mtu asiyethubutu kugusa kangomba hununua pikipiki ya jirani yake kwa njia hiyo hiyo, akalala usingizi mzuri.

Walakini si kila auzaye ni mnyonge. Muuzaji naye hujua asilolijua mnunuzi, kwamba injini inakula oili. Mwaka 1970 Mmarekani George Akerlof alitoa makala juu ya soko la motokaa zilizokwisha kutumika. Majarida matatu yalikuwa yameikataa; mwaka 2001 alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi. Alionyesha kwamba mnunuzi asipoweza kupambanua kizima na kibovu, hutoa bei ya kati. Wenye vyombo vizima huona hasara, wakaacha kuuza, na sokoni vikabaki vibovu. Basi afichaye ubovu hamwibii mnunuzi wake tu. Humshushia bei na muuzaji mwaminifu asiyemjua kamwe.

Iko na hasara isiyo kosa la mtu. Datsun 240Z, motokaa ndogo ya mwendo mkali, ilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1971 (zilikimbiwa siku za Pasaka, ajabu kidogo) na tena mwaka 1973. Ilipokuwa mpya huko Marekani, mwaka 1970, bei yake ilikuwa dola zipatazo 3,500. Ikachakaa, ikashuka bei kama nyingine zote. Lakini Januari 2020 moja ya mwaka 1971, iliyotunzwa vema, iliuzwa mnadani kwa dola 310,000. Mtu aliyeuza ya kwake zamani kwa fedha kidogo hakudhulumiwa, kwa kuwa mnunuzi wake naye hakuyajua yajayo.

Wako ndugu wasemao kwamba mwenye njaa asiuze, bali akopeshwe, na pikipiki iwe rehani mpaka msimu. Ni neno jema. Lakini pikipiki si shamba. Mkopeshaji akiitumia kubeba abiria miezi minane, atairudisha imechakaa, na mwenyewe atalipa deni zima apate nusu ya chombo. Hapana budi aifungie ndani, au nauli ya kila abiria, ikiisha kutolewa petroli, ihesabiwe katika kupunguza deni, na hayo yaandikwe mbele ya mashahidi wawili kabla ufunguo haujatolewa.