Michirizi ya Kahawia Kando ya I-55

Jumatatu, tarehe 1 Mei 2023, saa tano asubuhi ilikuwa inakaribia. Ghafla vumbi liliifunika barabara kuu ya I-55, kusini mwa Springfield katika jimbo la Illinois, Marekani, na madereva wakawa hawaoni mbele. Magari 72 yaligongana, matrela mawili yakashika moto, na watu wasiopungua 7 wakapoteza maisha.

Huniuma kila ninapoikumbuka ajali hii, maana dalili zote zilikuwa wazi. Mashamba ya mahindi na soya kando ya barabara yalikuwa yametoka kulimwa, udongo wake mkavu, laini kama unga. Upepo wa kaskazini-magharibi ulivuma kilomita 55 hadi 70 kwa saa. Dereva wa trela huujua upepo wa namna hiyo kwa mikono yake, usukani unapovutwa upande mmoja. Lakini hapakuwa na mvua, wala ukungu, wala barafu, na sisi tumezoea kuogopa hayo tu. Hata mimi ningepita, tena kwa mwendo uleule.

Siku hiyo setilaiti ya hali ya hewa ya GOES-16, iliyokuwa juu kilomita 35,800 hivi, ilipiga picha za Marekani kila baada ya dakika 5. Katika picha kama hizo vumbi ni michirizi myembamba ya kahawia inayoanzia shambani na kufuata upepo. Moshi wa moto wa misitu ni rahisi zaidi kuufuatilia, kwa kuwa husafiri mamia ya kilomita, kama ule wa Canada uliofika New York mwezi Juni mwaka huohuo. Vumbi la shambani huzaliwa hatua chache tu kutoka barabarani, na wingu likikaa juu yake, setilaiti hailioni. Basi tuzitazame picha kabla ya safari, ila tusingoje zituthibitishie kila kitu. Shamba kavu lililolimwa na upepo mkali vyatosha kutufanya tuahirishe safari.

Na ukiliona pazia la kahawia mbele yako, ndugu yangu, usijiambie utalivuka mara moja. Toka barabarani kabisa, zima taa zote, vuta breki ya mkono, kisha ondoa mguu kwenye breki. Anayekuja nyuma yako haoni kitu ila mwanga. Akiziona taa zako nyekundu atadhani gari linatembea, atazifuata, na atakugonga papo hapo ulipoegesha.