Kikombe cha Maji Kasulo

Nilikulia kambi ya wafanyakazi hapa Kolwezi, Kongo, mtoto wa mfanyakazi wa kampuni ya migodi ya Gécamines. Baba alirudi jioni na buti za kazi, na sisi watoto tukajua kuna watu wa kazi na kuna watu wa mashimo. Nilipokuwa katekista, mgawanyo huo niliingia nao kanisani.

Kasulo ni mtaa ambao mwaka 2014 watu walikuta kobalti chini ya nyumba zao wakaanza kuichimba hapohapo, uani na hata vyumbani. Huko jumuiya yetu ilinituma kwa mama mmoja. Mwanawe alikuwa amefunikwa na udongo shimoni. Yeye mwenyewe huosha mawe kwenye maji, katikati ya wanaume, na wengi walimsema vibaya kwa hilo. Nilibeba unga, Biblia, na somo nililoandaa juu ya pesa zisizo na baraka. Ndiyo, nilikwenda kumfundisha mfiwa.

Kikwembe chake kilikuwa chekundu kwa udongo hadi magotini.

“Baba, umetembea juani. Kaa kwanza, unywe.”

Maji hayo aliyanunua kwa bidoni. Alinipa kikombe cha plastiki kwa mikono miwili, kisha akaanza kusali kabla sijafungua kinywa. Aliwaombea waliobaki chini. Alimwombea mnunuzi wa mawe wa depo, ambaye mizani yake hakuiamini. Akaniombea na mimi, nifike nyumbani salama. Somo langu lilibaki mfukoni.

Nimefundisha habari ya mwanamke Msamaria kisimani kwa miaka mingi, na kila mara nilijiweka upande wa Yesu, kama mwenye kisima. Lakini Yesu alianza kwa kuomba maji. Mwenye kiu alikuwa yeye. Neema iliomba kwanza kwa yule ambaye hakuna aliyetaka kunywa naye.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji aliyeandika juu ya falsafa ya Wabantu mwaka 1945, alikuja kuishi Ruwe, hapahapa Kolwezi, mwaka 1953. Alikuwa mwalimu, na mwalimu mzungu wakati ule alisema, na wengine wakasikiliza. Kati ya wafanyakazi wa migodi na wake zao alijifunza kunyamaza na kuuliza. Kutoka mazungumzo hayo, kwa Kiswahili chao, ilizaliwa harakati ya Jamaa, na maneno yake matatu: uzima, uzazi, mapendo. Padri aliyekuja kuongoa aliongolewa na aliowafuata. Nadhani hilo ndilo jambo kubwa zaidi alilotuachia, kuliko kitabu chake.

Tarehe 27 Juni 2019 udongo uliporomoka katika mgodi wa kampuni uitwao KOV, hapa Kolwezi, wakafa wachimbaji wasiopungua 43. Jumapili yake, katika jumuiya, mzee mmoja alisema waliingia bila ruhusa, ni wezi, tusiwataje kwenye sala. Watu wakatazama chini. Mama yule wa Kasulo alikuwa ameketi nyuma.

“Baba, na yule aliyesulubiwa pamoja na Yesu, alikuwa na ruhusa gani?”

Hatukuwa na majina yao. Akasimama, akasema, “Mtoto wa mama mmoja.” Tukaitikia. Akalisema tena na tena, hadi ikafika mara 43, na kila mara tuliitikia, hata mzee yule.